Haiuzwi, Haiuziki

Kwenye ukuta wa nyumba yangu ya Kimara, upande unaotazama njia ya bodaboda, kuna maneno matatu ambayo nimeyalipia mara tatu. Mara ya kwanza nililipa yaandikwe. Mara ya pili nililipa yageuzwe. Wiki iliyopita nimelipa yarudi yalivyokuwa. Fundi wa maandishi sasa ananiita bosi, na katika sakata zima la nyumba hii ndiye mtu pekee aliyefanya kazi niliyomlipa.

Maneno yenyewe mnayajua. Pita Kimara, pita Tabata, pita Mbagala, utayakuta ukutani kwa rangi nyekundu: NYUMBA HII HAIUZWI. Mgeni wa Dar es Salaam anaweza kudhani mji huu umejaa watu wenye maringo, kila mmoja anajitapa kwamba hana njaa ya kuuza. Sisi wenyeji tunajua kwamba ile ni dua. Mwenye nyumba kasafiri, au kafariki na watoto wanavutana, au yupo ila ana shemeji asiyeaminika, na mahali fulani mjini kuna bwana mwenye shati la kunyoosha na mkoba wa ngozi anamtembeza mteja uani huku akisema, "Hii nimeijenga kwa jasho, nauza kwa sababu nakwenda kusoma nje." Kopo moja la rangi nyekundu ndiyo bima yetu.

Mimi nilikata bima hiyo mwaka 2019, nilipohamia Dodoma. Msinicheke. Tangu mwaka 1973 tulikuwa tunaambiwa kwamba makao makuu ya nchi ni Dodoma, na tangu mwaka 1973 tulikuwa tunaitikia "naam" huku tunamwaga zege Dar es Salaam. Mimi mwenyewe nilichimba msingi mwaka 1998 nikiwa na hakika kwamba nitastaafu kabla serikali haijapanda basi. Julai 2016 Rais Magufuli akasimama Dodoma akasema sasa tunahama kweli, na Septemba ya mwaka huohuo Waziri Mkuu Majaliwa akawa ameshahamia. Hapo ndipo wengi wetu tulipogundua kwamba "naam" ya miaka arobaini na tatu ina madhara. Zamu ya meza yangu ikafika, nikafunga mizigo, nikafunga geti, nikaandikisha ukutani kwamba haiuzwi, nikaondoka.

Miaka miwili baadaye nikaamua iuzwe. Dodoma nilikuwa nimepata kiwanja, na kiwanja kisicho na nyumba kina kelele kuliko mtoto asiyenyonya. Nikamwita fundi wa maandishi nikamwambia afute, aandike upya. Akaurudisha mguu nyuma, akautazama ukuta kama daktari anavyotazama picha ya mfupa.

"Bosi, usinunue maneno mapya. Tutumie yaliyopo. NYUMBA HII inabaki. Hapa katikati U, Z na W zinabaki. HAI tunaigeuza INA, na I ya mwisho inakuwa A. Herufi nne tu. Herufi elfu tano."

Nikampa elfu ishirini nikajiona mjanja. Asubuhi ile ukuta ulisomeka NYUMBA HII INAUZWA, na namba yangu ya simu chini yake. Mvua ya kwanza ya masika ikaja ikauosha. Zile herufi tatu za mwanzo alikuwa amezipaka rangi ya maji. Ile ya mwisho alimalizia na rangi ya mafuta iliyobaki kwenye kopo la mtu mwingine. INA ikachuruzika hadi mtaroni, HAI ikafufuka, na A ya mwisho ikang'ang'ania palepale. Tangu siku hiyo hadi wiki iliyopita nyumba yangu ilikuwa imeandikwa HAIUZWA, neno ambalo haliko katika kamusi yoyote na halimwambii mteja aingie wala aondoke. Walimu wa shule ya msingi ya jirani wamelitumia kufundishia makosa.

Nilianza na bei ya milioni mia na hamsini. Niliipataje? Nilikaa na daftari nikajumlisha kila mfuko wa saruji tangu 1998, kila tripu ya mchanga, kila nondo, pamoja na zile nondo alizokimbia nazo fundi wa pili, maana sikuona kwa nini hasara ile nibebe peke yangu. Nikaongeza siku nilizolala bila dari, nikaongeza na kitu kidogo cha heshima. Wateja walipokuja, kila mmoja alisoma bei ile kama anavyosoma mtu barua ya msiba. Ikashuka mia na ishirini, ikashuka mia, sasa imetulia themanini na tano. Mteja hanunui historia ya saruji. Anatazama bati, anatazama nyufa, anauliza choo kiko wapi.

Sasa niwaambie habari za dalali. Huyu wangu ana kofia ya pama, simu tatu na kalamu sikioni ambayo sijaiona ikiandika. Tangazo lake alilosambaza lilisema hivi: nyumba ya kisasa, vyumba vitatu, kimoja masta, sebule, dining, jiko, stoo, fensi, paking ya magari manne, maji na umeme ndani, dakika tano kutoka lami, karibu na mwendokasi, bei maelewano, mwenye nyumba ana shida.

Nikakaa nikalipima tangazo hilo neno kwa neno. Masta ipo, kwa maana kwamba mwaka 2006 nilitoboa ukuta ili chumba kikutane na choo. Magari manne yanaenea yakipangwa kama magodoro. Dakika tano kutoka lami ni kweli ukiwa unakimbizwa. Lakini lile la mwisho lilinichoma, nikampigia.

"Kaka, nani kakwambia nina shida?"

"Mzee wangu, mtu asiye na shida anauza nyumba?"

Nikakata simu, kwa sababu jibu sikuwa nalo.

Dalali huyu ana utaratibu. Kila mteja, kabla hajaonyeshwa chochote, anatoa elfu ishirini, hela ya kuonyeshwa. Ipendeze isipendeze, elfu ishirini hairudi. Mimi sikulijali hilo mpaka siku moja nilipopekua daftari la wageni pale nyumbani, nikakuta majina sitini na matatu. Nikazidisha. Milioni moja, laki mbili na sitini elfu. Nyumba yangu ambayo haijaniletea hata ya chumvi imemlea dalali huyu miaka minne. Ndiyo, siku ikiuzwa atachukua asilimia kumi yake, lakini asilimia kumi ni ahadi, elfu ishirini ni ugali wa leo jioni. Ng'ombe anayekamuliwa kila siku nani anaharakisha kumchinja? Tangu hapo kila anaponipigia akisema, "Mzee, leo nina mteja siriaz, hela mkononi," najua ni mkononi mwa nani.

Na wateja wenyewe jamani! Wa kwanza hakuingia hata ndani. Alizunguka nyumba mara mbili akipapasa kuta kwa kiganja, akaniuliza, "Hii haikuwahi kuwekwa X?" Sikumlaumu. Mwaka 2017 nyumba nyingi za kandokando ya Barabara ya Morogoro, kuanzia Kimara kuelekea Kibaha, zilivunjwa kupisha upanuzi wa barabara, na X nyekundu ndiyo iliyotangulia. Tangu wakati huo mtu wa Kimara akiona rangi nyekundu ukutani moyo unampiga. Nikamweleza kwamba mimi niko ndani, mbali na barabara, hiyo hifadhi ya barabara hainigusi hata kwa kamba ya kuazima. Akaniuliza tena, "Kwa hiyo uko mbali sana na barabara?" Ndugu zangu, nyumba iliyo karibu na lami inavunjwa, iliyo mbali na lami hainunuliwi. Sijui tujenge wapi, labda juu ya miti.

Wakaja mume na mke. Mume alipima sebule kwa hatua, mke akasimama jikoni kimya. Kimya cha mwanamke jikoni ndiyo hukumu yenyewe. Walipotoka nje nikamsikia akimnong'oneza mumewe, "Dari la enzi za Mwinyi." Nilitaka kumwambia kwamba dari lile ni la mwaka 2004, enzi za Mkapa, nikaona hata nikishinda hoja hiyo sitapata faida.

Akaja mtumishi wa Mungu. Huyu aliipenda. Aliingia akafumba macho, akafumbua, akasema sebule na vyumba viwili vikiunganishwa watu mia wataenea, na masta itakuwa ofisi. Nikamuuliza malipo. Akasema nusu atatoa waumini wakihamasika, na nusu nyingine Mungu akifungua milango. Nikamwambia mchungaji, milango ya nyumba hii mwenyewe nimeifunga kwa kufuli mbili kwa sababu hiyohiyo ya kuogopa waliofunguliwa.

Akaja pia mteja wa Muscat, ila yeye alikuja kwa simu. Ni mtu wetu, anafanya kazi huko, anataka nyumba ya mama yake. Mpwa wangu akashika simu akamtembeza kwa video: geti, uani, mwembe, sebule. Mambo yakawa mazuri, nikaanza kuhesabu. Wakafika chooni, mtandao ukaganda. Mteja alikaa dakika saba akitazama sinki la choo lililoganda kwenye kioo cha simu yake. Mtandao uliporudi, yeye hakurudi.

Mpwa wangu nimemtaja, sasa nimseme. Huyu ni kijana wa dada yangu. Nilimweka pale mwaka 2019 aniangalizie nyumba kwa miezi mitatu. Kodi halipi, na sikutaka alipe, damu ni damu. Leo ana mke, ana kuku kumi na wanne, na ana mtoto wa miaka mitatu anayewakaribisha wateja kwa kusema, "Karibuni kwetu." Mpwa wangu ana adabu nyingi. Wateja wakija anawapa viti, anawapa maji ya kunywa, anawaambia, "Karibuni sana, hapa ni pazuri mno. Ila usiku msiogope zile sauti."

Nilipomuuliza ni sauti gani alishangaa. "Shikamoo Mjomba. Ni paka, Mjomba. Mimi nawaambia wasiogope."

"Na mafuriko? Umemwambia mtu kuna mafuriko, mimi nimeishi pale sijawahi kulowa soksi."

"Mjomba, mimi uongo siwezi. Aliniuliza maji yanaingia? Nikamwambia yanaingia. Si bomba lipo ndani?"

Unamfanyaje mtu kama huyo? Kumfukuza siwezi, dada yangu atanitolea maneno mpaka ukoo wa tatu. Na hata umeme wa pale nanunua mimi. Tangu mwaka 2021 kodi ya jengo inakatwa kwenye LUKU: kwa nyumba ya kawaida ilianza shilingi elfu moja kwa mwezi, ikaja ikawa elfu moja mia tano. Kwa hiyo mimi niliyeko Dodoma nalipia jengo ambalo silali, taa ambazo siziwashi, na feni inayowapepea watu wanaozuia nyumba isiuzike. Juzi nilisoma kuhusu kodi ya ongezeko la mtaji, ile anayotozwa aliyeuza mali yake kwa faida. Wenzangu wanailalamikia. Mimi naiombea usiku na mchana inikute.

Upande wa kulia kuna jirani. Tulichimba msingi mwaka mmoja, tuliazimana koleo, watoto wetu walikula sahani moja. Mara moja kwa mwaka ananipigia. Ananisalimia vizuri, anawaulizia watoto mmojammoja kwa jina, halafu anasema, "Basi jirani, ile thelathini yangu ipo palepale." Milioni thelathini! Kwa nyumba ambayo yeye mwenyewe alikuja kuisifia siku ya kuezeka akala na pilau. Na kwa kuwa barazani kwake kunatazama getini kwangu, hakuna mteja anayepita bila kusalimiwa. "Karibuni, karibuni. Mmeletwa na dalali? Haya, vizuri. Lile suala la mpaka ameshawaeleza?"

Suala la mpaka halipo. Kuna mstari wa michongoma ambao tuliupanda pamoja. Lakini neno "mpaka" likishatamkwa, mteja anaanza kutazama saa. Dawa yake ingekuwa hati, na hapo ndipo ninapoumia. Sisi tulijenga holela kama sehemu kubwa ya jiji hili, nyumba kwanza ramani baadaye. Ulipokuja urasimishaji tulichangishwa, tukatoa. Wakaja vijana na mashine za kupimia, wakaangalia mbali kwa jicho moja, wakapigilia bikoni, wakanywa soda zetu, wakaondoka. Bikoni zipo. Nyingine kuku wa mpwa wangu wanatagia pembeni yake. Hati ndiyo bado inakuja, na nimeishi muda wa kutosha kujua kwamba kitu kinachokuja hakina haraka kama kinachoondoka. Mimi nina mkataba wa mauziano wa mwaka 1997 ulioandikwa kwa mkono, na shahidi namba mbili alisaini kwa dole gumba.

Mwenyekiti wetu wa mtaa naye ana asilimia kumi yake. Sheria inayoitaja sijaonyeshwa, lakini muhuri wake una wino wa namna hiyo. Ukijumlisha asilimia kumi ya dalali, kumi ya mwenyekiti, na wakili, unakuta kwamba mimi katika nyumba yangu mwenyewe ni mbia mkubwa tu.

Na nisimsahau mama watoto. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 59, inakataza mwanandoa kuuza nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake. Mimi sikuwa naijua. Yeye alikuwa anaijua kwa namba. "Mimi sikukatazi kuuza," aliniambia huku anapepeta mchele. "Uza. Ila mwembe wangu hauuzwi." Nikamwuliza mwembe unauzwaje mbali na ardhi uliyosimamia. Akasema hilo ni langu mimi na mnunuzi. Basi kila mteja namweleza kwamba nyumba anapata, kiwanja anapata, ila Desemba kila mwaka kuna mama atakuja na kapu.

Miaka minne imekwenda hivyo. Ikafika alfajiri ya Jumanne moja, mpwa wangu akanipigia. Mpwa wangu hapigi, huwa anabipu, kwa hiyo nilijua jambo ni kubwa.

"Mjomba, shikamoo. Mjomba, nyumba imeuzwa?"

"Marahaba. Imeuzwa na nani?"

"Sijui Mjomba, ndiyo nakuuliza. Kuna kaka yuko hapa amekuja na fundi wa geti. Anasema hamtaki bluu, anataka jeusi."

Nikapanda treni ya umeme. Elfu thelathini na moja kwenda, na kama hiyo kurudi. Tangu treni hii ianze safari za Dodoma mwaka 2024 mimi ni mteja wake mwaminifu, na kila safari ni ya nyumba ileile. Safari hii sikutazama nje. Morogoro ilipita sikuiona. Nilikuwa nafanya hesabu ya hasira, nikachanganya na hesabu nyingine ambayo naona aibu kuisema: kwamba pengine dalali kauza kimyakimya, na hela iko njiani.

Nilimkuta ofisini kwa mwenyekiti. Kijana mpole, viatu safi, macho mekundu. Mezani kuna bahasha. Akanipa shikamoo, akaitoa hati yake, akaiweka mbele yangu kwa mikono miwili. Ndugu msomaji, ile hati! Ina picha, ina namba ya kiwanja, ina muhuri wa duara na wa mraba, ina saini yenye mkia. Miaka tisini na tisa! Mimi mwenye nyumba nimeisubiri karatasi kama hiyo mpaka kichwa kimekuwa cheupe, mwizi kaipata kwa wiki moja. Ni ya bandia, ndiyo, lakini niliishika nikasita kuirudisha.

"Ulilipa kiasi gani, mwanangu?"

"Bei ilikuwa milioni mia na ishirini, Mzee. Nilitanguliza arobaini."

Ofisi ikawa kimya. Mia na ishirini! Mimi niko themanini na tano nawasihi watu kama muuza karanga kwenye foleni, mtu mwingine anaiuza nyumba yangu kwa mia na ishirini na anashikishwa arobaini. Nikasahau kidogo kwamba nimekuja kwa shari. Nikamsogelea yule kijana.

"Hebu niambie, alikwambiaje?"

Akasema jamaa alimleta saa kumi na moja jioni. Si saa saba mchana kama dalali wangu anavyowaleta watu jua likiwa limekaa juu ya bati. Saa kumi na moja, upepo unapanda kutoka bondeni. Hakumwingiza ndani. Aliweka viti viwili chini ya mwembe, akamwambia, "Kaa kwanza." Akamwonyesha gome la mti palipochorwa vipimo vya urefu wa watoto. Akasema wanangu hao, wamekua wamekwenda zao, nami nahamishiwa Dodoma, moyo hautaki ila kazi ni kazi. "Mzee," yule kijana akasema, "nilitoa hela bila hata kuangalia choo."

Vile vipimo vya kwenye gome ni vya wanangu mimi. Nilivichora mwenyewe kwa kisu cha jikoni. Katika watu sitini na watatu sijamwonyesha hata mmoja. Nilikuwa nawaonyesha unene wa nondo.

Hapo nikaielewa nyumba yangu. Dalali anakula kwa kuionyesha. Mpwa analala kwa kuilinda. Jirani anasubiri ioze ainunue kwa thelathini. Mama watoto ana maembe yake. Nami, tuseme ukweli, kila mteja akilidharau dari nilimbishia mpaka akaondoka, kisha nikarudi Dodoma nikiwa nimeshinda. Katika sisi wote tunaoizunguka nyumba ile, mtu pekee aliyetaka kwa moyo wote iuzwe ni tapeli.

Nikajaribu bahati yangu. "Sasa mwanangu, mimi ndiye mwenye nyumba wa kweli. Mwembe ule ni ule, upepo ni ule. Kwangu unaipata kwa themanini na tano."

Akanitazama kwa huruma. "Mzee, ningeichukua leo. Ila hela kaondoka nayo yeye."

Tukaongozana kituoni, akafungua jalada, tukapewa namba ya RB. Njiani mwenyekiti alikuwa na uchungu kuliko sisi sote, akirudia kwamba haiwezekani nyumba ya mtaa wake iuzwe kwa mia na ishirini na asilimia kumi isipite ofisini. Jirani akanipigia kabla hata sijafika kituo cha mwendokasi. Pole nyingi, watoto hawajambo, halafu: "Basi jirani, kwa kuwa sasa ina kesi, ile thelathini tuifanye ishirini na tano." Jioni akapiga dalali wa pama. Amesikia nyumba imepata mteja wa mia na ishirini, na anakumbusha kuhusu milioni kumi na mbili zake, kwa sababu yule bwana aliyeiuza aliletwa na yeye kuiona mwezi wa pili. Nikamwuliza, na yeye alilipa elfu ishirini ya kuonyeshwa? Akasema, "Alilipa Mzee, yule ni mtu mstaarabu."

Kabla ya kurudi Dodoma nilimwita fundi wa maandishi. Akaurudisha tena mguu nyuma, akautazama ukuta: NYUMBA HII HAIUZWA.

"Turudishe HAIUZWI, bosi?"

Nikafikiri. Nikamwambia, kama tunataka kusema ukweli basi tuandike HAIUZIKI. Akahesabu kwa kidole hewani. HAIUZWI ni kugeuza herufi moja tu, ile ya mwisho, elfu tano. HAIUZIKI ni kugeuza W na A, na kuongeza nyingine mwishoni. Herufi tatu, elfu kumi na tano.

Ukweli umezidi kwa elfu kumi, na nauli ya treni nilikuwa sijaitenga. Nikampa elfu tano.